Nasaba ya Shule za Upili za Nakuru

Yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, watu wa kaunti ya Nakuru, tangu Naivasha hata Kuresoi, huzipanga shule zao safu kwa safu, na ijapokuwa Waziri Jacob Kaimenyi alizipiga marufuku orodha hizo mwaka 2014, ada ya kulinganisha haikukoma. Wala si kosa kulinganisha, kwani mzazi wa Mau Narok anayeuza viazi apate karo ana haki ya kujua anampeleka mwanawe wapi. Walakini mizani inayotumika, yaani wastani wa alama peke yake, ni mizani ya dhulma, kwa kuwa yapima mavuno bila kuuliza nani alipewa shamba na nani alinyimwa.

Na katika Nakuru habari ya shule haitengeki asilan na habari ya ardhi. Reli ilipofika hapa mwaka 1900, walowezi wa Kizungu wakafuata, Lord Delamere akajitwalia maelfu ya ekari huko Njoro, na nyanda zote hizi zikahesabiwa kuwa milki yao. Watoto wao walijengewa shule na serikali mjini Nakuru, na kuanzia mwaka 1931 wavulana waliokua walipata daraja ya juu katika shule ya Prince of Wales, Nairobi. Ama mtoto wa skwota, ambaye babake alitoa siku zake za kazi kwa mwenye shamba ili aruhusiwe kulima kipande na kufuga mbuzi wachache, hakuwa na haki kama hiyo. Akisoma, alisoma kwa fadhila ya bwana shamba, au kwa misheni, au katika shule huru ambazo Wagikuyu walizijenga kwa ghera yao wenyewe, nazo serikali ilizifunga kuanzia mwaka 1952 ilipotangaza hali ya hatari. Mwafrika wa Bonde la Ufa aliyetaka kuendelea mbele aghalabu alilazimika kwenda mbali, kama vile Kapsabet, ambako serikali ilifungua shule mwaka 1925 na ambako Daniel arap Moi alisoma.

Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yakanunuliwa, mengine na serikali kwa ajili ya kuwagawia raia, mengine na makampuni ya wananchi waliochanga hisa, kama Ngwataniro na Ndeffo. Hapa ndipo ninapoiona sehemu ya tarehe hii iliyo bora kuliko zote, nayo ndiyo isiyotajwa matokeo yanaposomwa. Watu waliotoka kulipia ekari mbili tatu, na ambao nyumba zao zilikuwa bado za udongo, walitenga kiwanja cha shule, wakaitana kwa harambee, huyu akatoa shilingi, huyu mbao, huyu kondoo wa kunadiwa, wakasimamisha darasa moja la kidato cha kwanza, na mwaka uliofuata wakaanza kutafuta mabati ya darasa la pili. Haukupita muda mrefu, shule za harambee katika Kenya zikazishinda kwa idadi zile zilizosaidiwa na serikali. Maabara hazikuwa nazo, walimu wengi hawakuwa na cheti, na wanafunzi wao walikuwa wale walioachwa na shule kubwa. Lakini lau si hizo, vijana wengi wa mashambani wangaliishia darasa la saba.

Nasaba hizi mbili, ya shule zilizosaidiwa na serikali na ya shule za harambee, hazikupata kuwa sawa. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 uliwaongezea wazazi mzigo wa kujenga karakana, na machafuko ya mwaka 1992 na ya 2008 yakawatawanya wanafunzi na walimu wa Molo, Njoro na Kuresoi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Nakuru Boys na Nakuru Girls zikapandishwa kuwa shule za kitaifa, zikapewa kuchagua wanafunzi bora wa nchi nzima. Shule nyingi za harambee zikabaki kuwa za wilaya, ndizo baadaye zilizoitwa za kaunti ndogo, za kutwa, zipokeazo waliosalia. Tangu 2018 serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kiasi kimoja kwa wote. Lakini shule yenye maabara hununua kemikali kwa fedha hizo, na isiyo nayo bado inadaiwa kuta. Kwa hiyo shule ya kutwa iliyompokea mtoto mwenye alama hafifu ikamfikisha daraja ya C, kwa maoni yangu, imefanya kazi ya ualimu iliyo kubwa kuliko ile iliyompokea hodari ikamrudisha hodari.

Mwaka 2026, shule za upili zilipopokea wanafunzi wa kwanza wa gredi ya kumi wa mtaala mpya, madaraja yale yale ya shule yalivikwa herufi mpya, C1 hadi C4. Shule kubwa zinafundisha mikondo yote mitatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo; ndogo nyingi zinafundisha miwili tu, na mtoto wa kijijini mwenye kipaji cha muziki au cha kuchora, ambaye babu yake alichanga mabati ya shule iliyo jirani, hana budi kuitafuta nafasi kwingine.