KUSITIRI NAFSI (katika Upare)

Kusitiri nafsi ni kule mtu kuizuia dhati yake, yaani nia, ghadhabu, mapenzi au itikadi yake, isidhihirike mbele za watu, ama kwa hiari yake mwenyewe, ama kwa hofu ya mwenye nguvu. Na tofauti ya sababu hizi mbili ndiyo ipambanuayo sitara iliyo hifadhi na sitara iliyo kifungo. Katika Milima ya Upare, ambayo mji wake wa Same umelala chini, mahali tambarare penye joto na ukame, ilhali wenyeji wengi wa zamani walikaa juu kwenye ubaridi na migomba, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, sitara zote mbili zimeacha athari.

Sitara ya hiari ilikuwa na mahali pake. Mshitu ulikuwa msitu wa jando, na mpungi ulikuwa mahali pa matambiko ya ukoo. Yaliyofunzwa humo hayakusimuliwa nje, wala miti yake haikukatwa ovyo. Ndiyo sababu bado huonekana, kati ya mashamba yaliyobanana, vipande vidogo vya msitu wa asili ambavyo siri ilivilinda kabla hakujawa na sheria yoyote ya misitu.

Sitara ya pili yafahamika vyema katika mgogoro wa Mbiru wa mwaka 1944 hadi 1947, uliochunguzwa kwa makini na mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare. Katika miaka hiyo serikali ya Kiingereza, kwa kupitia baraza la watawala wa kienyeji, iliongeza juu ya kodi ya kichwa, iliyokuwa sawa kwa kila mwanamume, kodi nyingine iliyopimwa kwa pato la mtu, ikaipa jina la mbiru, ambalo tangu kale lilikuwa jina la kodi ya jadi. Basi kodi yenyewe ndiyo iliyotangulia kujisitiri, kwani sura yake ilikuwa ya mababu na dhati yake ilikuwa ya ofisi. Na ili itozwe ilipasa mali ya kila mtu ikadiriwe, fulani ana hiki na fulani ana kile, naye mwenye kukadiriwa asijue amehukumiwa kwa kipimo gani.

Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume, na miongoni mwa viongozi wao Paulo Mashambo wa Mamba, walishuka Same, wakaketi pale makao makuu ya wilaya bila ya kupiga mtu, wakishikilia kwamba kodi ya kawaida watalipa, lakini mbiru hawaitaki. Watu waliodhaniwa kuwa wameridhika kwa sababu wamenyamaza walikuwa sasa wameuleta ukimya wao mbele ya macho ya serikali, nao ulikuwa mzito kuliko makelele. Mwaka 1946 huko Usangi wanawake waliwakabili wakubwa wa serikali, wakawataka ama walimalize shauri ili waume zao warejee nyumbani, ama wao wakubwa wawape mimba wanawake wote. Hilo ni neno ambalo adabu ya siku zote isingeliruhusu litamkwe mbele ya mwanamume mgeni. Hiyo ndiyo athari kubwa ya kusitiri kwa kulazimishwa: lililozuiliwa muda mrefu halitoki kwa kipimo, na lawama ni ya aliyezuia. Hatimaye kodi hiyo iliachwa.

Yafaa pia kutazama lugha, kwani nayo yaweza kuwa sitara. Wambugu, ambao mapokeo yao yasema walipita Upare kabla ya kufika Usambara, wana Kimbugu cha kawaida, kinachokaribiana sana na Kipare, na Kimbugu cha ndani, chenye sarufi ileile lakini maneno mengi yenye asili ya Kikushi, pamoja na sauti ambazo majirani zao hawana. Kwa hicho wameuhifadhi Umbugu wao kati ya watu walio wengi kuliko wao. Kigweno cha Upare ya Kaskazini, chenye udugu na Kichaga, kimepata bahati nyingine: wazee wangali wakikisema wao kwa wao, lakini wengi wao wamewalea watoto wao kwa Kipare na Kiswahili, na hasara hiyo, iliyokuja bila ya amri ya mtawala yeyote, yasikitisha kuliko kodi, kwa kuwa hapana ofisi ambayo mtu aweza kwenda kuketi mbele yake ili arudishiwe.