Konokono wa Paisley na swali la jirani

Msikilizaji, siku moja, miaka mingi imepita sasa, niliagiza soda kwenye kibanda kilichokuwa karibu na kituo cha basi. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na kiu, nikanywa nusu chupa kabla ya kutazama ndani. Chini kabisa palikuwa na kitu cheusi, laini, kikichezacheza. Sikutaka hata kujua ni nini. Mwenye kibanda aliinua chupa juani, akaguna, akairudisha kwenye kreti pamoja na chupa tupu, akanifungulia nyingine bila kunitoza. "Unisamehe mzee wangu," aliniambia, "hayo ni ya kiwandani, si yangu." Nikamshukuru na kuondoka. Tumbo lilinisumbua siku mbili, kisha likapoa.

Kisa hicho nimekikumbuka wiki hii kwa sababu nilikuwa nikisoma tena habari za chupa nyingine, iliyofunguliwa jioni ya Jumapili, tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti. Na yule mwenye kibanda, bila kujua, alikuwa ameligusa lile lile lililobishaniwa na majaji wakubwa kwa miaka kadhaa. Kama si yake, ni ya kiwandani, je, huko kiwandani nani anawajibika kwangu mimi, ambaye sikuwahi kuuziana nao kitu?

Mwanamke mmoja wa Glasgow, May Donoghue, alikuwa amekwenda Paisley na kukutana na rafiki yake katika mgahawa wa Wellmeadow. Rafiki ndiye aliyeagiza na ndiye aliyelipa. Bibi Donoghue aliletewa aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha ndani. Alikunywa kiasi, kisha rafiki yake akammiminia iliyobaki, na hapo, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyeoza. Alidai kwamba alipata mshtuko na kuugua tumbo.

Nani wa kumshtaki? Mwenye mgahawa alikuwa ameuza chupa iliyofungwa, asiyoweza kuona ndani yake. Tena mwanamke huyu hakununua chochote kwake, mnunuzi alikuwa rafiki. Na rafiki naye kosa lake ni ukarimu. Akabaki David Stevenson, mtengenezaji wa soda wa hapo hapo Paisley. Huyo hakuwa na mkataba wowote na Bibi Donoghue, wala hakuwahi kumwona.

Hapa inafaa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila kuijua sheria ya zamani mtu hawezi kuona uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 1842, huko Uingereza, mahakama iliamua kesi ya mtu aliyeitwa Winterbottom, dereva wa gari la farasi la kubeba barua. Gari lilivunjika njiani, akaanguka, akawa kilema. Aliyekuwa na kazi ya kulitunza gari lile alikuwa Bwana Wright, lakini Wright alikuwa ameandikiana mkataba na Mkuu wa Posta, si na dereva. Majaji wakamwambia Winterbottom kwamba hana madai. Walihofu kwamba wakimruhusu yeye, basi kila abiria na hata mpita njia aliyeumizwa na gari atakuja mahakamani, na hapatakuwa na mwisho. Fikiri jambo hilo, msikilizaji. Mtu amevunjwa mwili kwa uzembe wa mwingine, naye anajibiwa kwamba karatasi haina jina lake. Kwa karibu miaka 90 viwanda viliota mizizi na kunenepa chini ya kivuli cha jibu hilo. Ulinzi ulikuwepo kwa baadhi ya vitu, kama vile vile ambavyo kwa asili yake ni vya hatari, lakini soda si baruti.

Huko Marekani walianza kuchoka mapema zaidi. Mwaka 1916 mahakama ya rufani ya New York, kwa kalamu ya Jaji Cardozo, iliamua kwamba kampuni ya magari ya Buick inawajibika kwa mtu aliyeumia baada ya gurudumu la mbao kuvunjika, ingawa gari alilinunua kwa muuzaji mwingine na si kwa kampuni.

Wakili wa Bibi Donoghue alikuwa Walter Leechman wa Glasgow. Sharti nimtaje, maana bila ukaidi wake tusingekuwa na habari hii. Alikuwa ametoka kushindwa katika kesi nyingine iliyofanana mno, ya panya ndani ya soda ya tangawizi. Mahakama ya Uskoti iliwakatalia wateja wake mwezi Machi 1929. Wakili mwingine angewashauri watu waende nyumbani wakanywe maji. Leechman aliifungua kesi ya konokono mwezi Aprili mwaka huo huo, wiki chache tu baadaye, akidai pauni 500.

Jaji wa kwanza alimkubalia. Majaji wa juu yake wakakataa, wakisema kesi ya panya imekwisha kulimaliza suala hilo. Ikabaki Baraza la Malodi mjini London, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Kufika huko kulihitaji fedha ambazo mwanamke huyu hakuwa nazo. Ilimbidi aape mbele ya Baraza kwamba ni maskini, kwamba mali yake yote haifiki pauni 5, ili aruhusiwe kukata rufani bila kuweka dhamana ya gharama. Mimi kila nikifika hapo husimama. Sheria ambayo leo inamlinda tajiri na maskini iliingia mlangoni kwa kiapo cha umaskini.

Uamuzi ulitolewa tarehe 26 Mei 1932, majaji watatu dhidi ya wawili. Lodi Buckmaster, mmoja wa waliokataa, aliirudia hofu ile ile ya mwaka 1842: tukipiga hatua moja, kwa nini tusipige hamsini? Mjenzi wa nyumba naye atamjibu kila atakayewahi kuishi humo? Si hoja ya kipuuzi hiyo, na wala haijafa mpaka leo.

Aliyeijibu ni Lodi Atkin. Alisema kwa ufupi kwamba amri ya dini ya kumpenda jirani inageuka, ndani ya sheria, kuwa amri ya kutomdhuru jirani. Na lile swali aliloulizwa Yesu katika Injili ya Luka, jirani yangu ni nani, sheria inalijibu kwa jibu finyu zaidi. Jirani ni yule ambaye kitendo changu kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba, ninapotenda au ninapoacha kutenda, ilinipasa kuwa naye akilini. Kwa hiyo mtengenezaji anayeifunga chupa akijua itamfikia mnywaji bila mtu katikati kuweza kuikagua, mnywaji huyo ni jirani yake. Majaji wawili Waskoti, Thankerton na Macmillan, wakawa upande wake.

Sisi wa Kiswahili neno jirani tunalijua kwa ukuta, kwa chumvi ya kuazima na kwa msiba. Atkin alimtoa jirani kwenye ukuta. Mtu wa Glasgow asiyejulikana na Stevenson akawa jirani yake kwa sababu ya chupa. Lakini, na hapa wengi huteleza, jirani huyu wa mahakamani si yule wa mfano wa Msamaria. Katika Injili, kuhani na Mlawi waliompita majeruhi njiani ndio wenye lawama. Katika sheria ya Kiingereza, kwa kanuni ya jumla, wangekwenda zao salama, kwa kuwa hawakumpiga wao wala hawakuwa na dhamana juu yake. Atkin alilichukua swali la mfano ule, jibu lake akalipunguza. Wapo wanaoona alifanya hivyo kwa busara. Mimi nadhani alichukua kiasi ambacho mahakama inaweza kubeba.

Hatua hamsini za Buckmaster zilianza kuhesabiwa kweli. Mwaka 1970 serikali ya Uingereza iliambiwa kwamba inaweza kuwajibika baada ya vijana waliokuwa chini ya maofisa wake kutoroka usiku, maofisa wakiwa wamelala, na kuiharibu mashua ya watu. Kisha mwaka 1990, katika kesi ya wakaguzi wa hesabu wa kampuni, majaji walikaza kamba: haitoshi kwamba dhara lilitabirika, sharti pawepo ukaribu, tena iwe ni haki kumtwisha mtu mzigo huo.

Kwetu, sheria ya Kiingereza ilipokelewa kwa tarehe maalumu: Kenya inatambua ile iliyokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika ile ya tarehe 22 Julai 1920. Kwa tarehe hizo konokono alikuwa bado hajazaliwa. Hata hivyo mahakama zetu zilimpokea, na wanafunzi wa sheria humkuta mapema sana masomoni. Kenya iliongeza nguvu mwaka 2010, pale Katiba yake ilipompa mlaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro ya bidhaa.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Baraza la Malodi halikuamua kwamba konokono alikuwepo. Liliulizwa tu hivi: kama anayoyasema ni kweli, je, ana madai? Likajibu anayo, arudi Uskoti akathibitishe. Stevenson alifariki kabla mwaka 1932 haujaisha. Ushahidi haukusikilizwa kamwe, na inaelezwa kwamba shauri lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 1934 kwa pauni 200. Hakuna hakimu aliyewahi kumwona konokono huyo.

Ndiyo maana narudi kwenye kibanda changu. Kwa sheria, mimi nilikuwa jirani wa kiwanda kile, na nilikuwa na miaka 3 ya kufungua madai, kama ilivyo Tanzania na Kenya kwa madai ya namna hii. Lakini risiti sikuwa nayo, daktari sikumwona, majina ya waliokuwa wamesimama pale sikuyauliza, na chupa, ambayo ingesema kila kitu, niliiacha irudishwe kwenye kreti na kwenda kuoshwa huko huko kiwandani. Nilikubali soda ya pili, nikainywa, tena nikasema asante.