Wasodha wa Umerkot: Warajput waliokatwa na mpaka

Watu wengi wakisikia jina Rajput wanafikiri mara moja India, na kwa sehemu kubwa ndivyo iko. Lakini kuna ukoo moja wa Warajput wenye kuishi Pakistani mpaka leo, na wengi wao ni Wahindu ndani ya inchi ya Waislamu. Wanaitwa Wasodha. Makao yao ni jangwa la Thar, katika jimbo la Sindh, na mji wao wa zamani ni Umerkot, wenye ngome kubwa. Mpaka wa India hauko mbali na pale.

Neno rajput linatoka katika Kisanskriti, maana yake mwana wa mfalme. Si kabila moja lenye babu moja. Ni koo nyingi za watu wa vita na wenye udongo, zilizojulikana kwa jina hilo kaskazini na magharibi ya India katika karne za kati. Wasodha ni tawi la Waparmar. Masimulizi yanasema babu wa Waparmar alitoka ndani ya moto wa sadaka juu ya mlima Abu, pamoja na mababu wa koo zingine tatu. Wanahistoria hawakubali simulizi hiyo kama historia: ilienea nyuma, wakati koo hizo zilikuwa tayari na nguvu na zilitaka asili yenye heshima. Chenye kujulikana vizuri ni kwamba Waparmar walitawala Malwa, katikati ya India, na matawi yao yakasambaa magharibi.

Kufuatana na masimulizi ya ukoo, Wasodha waliingia Thar karibu na karne ya 13, wakawaondoa wakubwa wa Kisumra na kushika Umerkot. Kule mvua ni kidogo sana. Watu wanalima uwele, wanafuga ngombe, mbuzi na ngamia, na visima ni vya kuchimba chini kabisa. Mwenye kushika kisima ndiye mkubwa.

Mwaka 1542 mfalme Humayun, mwenye kufukuzwa na Sher Shah, alifika pale akiwa mkimbizi, na mke wake Hamida Banu alikuwa na mimba. Rana wa Umerkot, ndiyo cheo cha mkubwa wa Wasodha, aliwapokea. Tarehe 15 Oktoba mtoto akazaliwa: Akbar, atakayetawala ufalme wa Wamogholi kuanzia 1556 mpaka 1605. Basi, mfalme Mwislamu mwenye sifa kuliko wote kule India alizaliwa chini ya ulinzi wa Mrajput Mhindu.

Shida ya leo ilianza 1947, Waingereza walipoondoka na inchi ikagawanywa. Sindh yote ikaingia Pakistani. Wahindu wengi wa Karachi na miji mingine walikimbilia India, lakini Wasodha wengi walibaki juu ya udongo wao. Ila kuna sheria ya ukoo: Msodha haoi Msodha, juu wote wanahesabiwa ndugu. Mchumba lazima atoke katika ukoo mwingine wa Kirajput, Warathore ao Wabhati kwa mfano, na hao wengi wako ngambo, Rajasthan na Gujarat. Kwa hiyo mpaka haukukata tu barabara ya biashara, ulikata ndoa zenyewe. Mama anazaa Umerkot, ndugu zake wako Jodhpur.

Treni ya kuvuka jangwa ilisimama na vita ya 1965. Desemba 1971 jeshi la India liliingia na kushika sehemu kubwa ya Thar, pamoja na mji wa Chachro. Makubaliano ya Simla ya 1972 yakarudisha udongo kwa Pakistani, lakini watu wengi hawakurudi: maelfu ya Wahindu, na Wasodha kati yao, walikaa katika kambi upande wa India miaka kadhaa mbele ya kupata uraia. Ukoo ukagawanyika mara ya pili. Rana Chandra Singh yeye alibaki, akawa waziri katika serikali ya Pakistani, akaanzisha chama cha Wahindu wa Pakistani. Alikufa 2009.

Februari 2006 treni ilirudi, kupitia Khokhrapar na Munabao. Kwa familia hizi ilikuwa kama treni ya arusi: mabibi-arusi, wazazi, wajukuu, na viza mkononi. Agosti 2019 ikasimama tena juu ya mvutano wa Kashmir. Ikabaki kivuko cha Attari na Wagah, mbali kabisa kule Punjab, safari ndefu na ya bei kali kwa mtu wa jangwani. Aprili 2025 kivuko hicho nacho kikafungwa, na kuna bwana-arusi waliofika mpakani wakarudishwa nyumbani bila kuoa.