Kura 1,421 Ambazo Hakuna Aliyezipiga

Cheki hii nambari: 14,213,027. Ndiyo unayopata ukijumlisha kura za wagombea wanne wa urais Kenya, mwaka 2022. William Ruto 7,176,141. Raila Odinga 6,942,930. George Wajackoyah 61,969. David Mwaure 31,987. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini ilitupa presha nchi nzima.

Nambari hiyo ilizaliwa madarasani. Kiminini, kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, kura za kila kituo ziliandikwa kwenye Fomu 34A, kisha zikajumlishwa za eneobunge lote kwenye 34B. Maeneobunge mengine 289 yakafanya vivyo hivyo, na Bomas wakaunganisha. Aliyetangaza matokeo tarehe 15 Agosti, marehemu Wafula Chebukati, alikuwa mtu wa Trans Nzoia, kaunti hiyo hiyo ya Kiminini.

Kesho yake makamishna wanne wa tume, wakiongozwa na Juliana Cherera, walisema hesabu haishiki. Asilimia zilizosomwa ni 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Zijumlishe: 100.01. Hiyo 0.01 ya ziada, wakasema, ni kama kura 142,000.

Hapo ndipo moto ulipokuwa. Katiba inataka mshindi apate zaidi ya nusu. 14,213,027 haigawanyiki kwa mbili, kwa hivyo mtu alihitaji angalau kura 7,106,514. Ruto aliupita mstari huo kwa kura 69,627. Kama kura 142,000 ni hewa, basi ushindi wenyewe uko mashakani.

Sasa toa simu, fungua kalkuleta. Asilimia 0.01 ya 14,213,027 ni kura 1,421. Kura 142,000 ni karibu asilimia 1 nzima. Nukta ilikuwa imeruka nafasi mbili.

Na hata hizo 1,421 hakuna aliyezipiga. Asilimia ya Ruto ni 50.48989, ikapandishwa kuwa 50.49. Ya Raila ni 48.84906, ikawa 48.85. Wajackoyah alikuwa na 0.43600, Mwaure 0.22505, nao wakapandishwa. Ukibakisha tarakimu mbili baada ya nukta, kawaida wengine hupanda na wengine hushuka. Safari hii wote wanne walipanda, na vipande vyao vidogo vikijumlishwa vinatoa 0.01. Kura zenyewe hazikuongezeka hata moja.

Makamishna hao walilalamika pia kwamba hatua ya mwisho ya kujumlisha haikuwa wazi. Hilo ni swali la utaratibu, na kalkuleta haiwezi kulijibu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaidhinisha matokeo.

Kwa nini tusumbuke na nukta? Kwa sababu baada ya uchaguzi wa 2007, hesabu ambayo watu hawakuiamini ilifuatwa na vifo vya zaidi ya watu 1,100, na Trans Nzoia ni kati ya sehemu ambazo familia zilihama makwao. Mwaka 2022 kulikuwa na tofauti moja kubwa: Fomu 34A ziliwekwa mtandaoni, na yeyote mwenye bando angeweza kufungua ya kituo chake na kuanza kujumlisha.

Mwaka 2027 tutasomewa nambari nyingine. Mtu akikuletea asilimia, mwambie akuonyeshe kura zenyewe, kisha upige hesabu yako.