HERUFI ZA RISASI NA LUGHA ZA KAKAMEGA: UCHAPAJI, TAHAJIA NA MIPAKA YA LUGHA

1. Utangulizi

Historia ya lugha za Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kana kwamba waliozijenga ni watu wa aina mbili tu: wasemaji waliozirithi kwa wazee wao, na wataalamu waliozichunguza na kuzitungia sarufi. Mtu wa tatu husahauliwa. Huyo ni mpiga chapa, aliyesimama mbele ya sanduku la herufi, wino ukiwa mikononi, akiamua ni nini kiwezekanacho kuandikwa na ni nini kisichowezekana. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Waluhya wa Kakamega, kwamba chapa haikupokea tu lugha zilizokuwa tayari na mipaka yake. Mara nyingi chapa yenyewe ndiyo iliyoichora mipaka hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba jina "Kakamega" limebadilika upana. Eneo lililoitwa North Kavirondo wakati wa ukoloni, na baadaye North Nyanza, lilikusanya karibu makabila yote ya Waluhya. Baada ya uhuru, Wilaya ya Kakamega ilikuwa bado na Maragoli na Bunyore ndani yake, mpaka Vihiga ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1990. Upana huo wa zamani ndio unaozungumzwa hapa.

2. Misheni na vituo vyake

Uchapaji wa vitabu vya Kiafrika katika sehemu hizi ulianzia pwani. Edward Steere wa misheni ya U.M.C.A., aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alikuwa na mtambo wa chapa na aliwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kazi ya kupanga herufi. Tahajia yake ya Kiswahili, pamoja na ile ng' yenye kistari cha juu, ilitoka Unguja ikaenea bara.

Katika nchi ya Waluhya hakukuwa na Unguja moja. Wamarekani wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902. Wamishonari wa Mill Hill walikwenda Mumias na Mukumu. Bunyore ikawa na kituo cha Kima, nao Waanglikana wa C.M.S. wakashika Maseno na Butere. Kila misheni ilipewa eneo lake, na kila moja ilijifunza usemi wa majirani zake wa karibu. Mmishonari wa Butere alisikia Kimarama. Yule wa Maragoli alisikia Kimaragoli. Na kila mmoja alidhani kwamba alichokisikia ndicho kinachostahili kitabu.

Marafiki ndio waliotangulia mbali zaidi. Emory Rees aliyekaa Maragoli alifanya kazi ya tafsiri pamoja na Joel Litu, Mmaragoli aliyekuwa zaidi ya msaidizi, kwani bila sikio lake hakuna sentensi ambayo ingesimama. Agano Jipya la Kimaragoli lilitoka mwaka 1925. Rees alipoondoka, Litu aliendelea na kazi hiyo pamoja na Jefferson Ford, na Biblia nzima ikapatikana mwaka 1951. Majina ya wamishonari ndiyo yanayotajwa kwanza katika masimulizi mengi, lakini aliyedumu katika kazi hiyo toka mwanzo hata mwisho wake ni Litu.

3. Kazi ya mpanga herufi

Ili kuelewa yaliyofuata, haina budi kutazama kazi yenyewe ilivyofanywa. Herufi zilikuwa vipande vidogo vya risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, kila kimoja kikiwa na sura iliyogeuzwa kama ionekanavyo katika kioo. Zilikaa katika sanduku lenye vijumba vingi. Mpanga herufi alichukua moja moja, akajenga neno, akajenga mstari, akajenga ukurasa, kisha akaufunga kwa fremu ya chuma. Rola ilipaka wino, karatasi ikagandamizwa, prufu ikasomwa. Kazi ilipokwisha, kila herufi ilirudishwa katika kijumba chake.

Herufi hizo zilinunuliwa Ulaya au Marekani kwa mafungu, na hesabu ya kila fungu ilifuata mahitaji ya lugha za huko. Fungu la Kiingereza lilijaa e na t, bali k zilikuwa chache sana. Lugha za Kibantu hudai kinyume chake: hula a, k na u kwa pupa. Kwa hiyo mpanga herufi wa Kiswahili au wa Kimaragoli angeishiwa na k huku vijumba vya e vikiwa vimejaa tele. Ilimlazimu kupanga kurasa chache, kuzichapa, kuzivunja, na kuanza tena. Kitabu kikubwa kilikuwa mzigo kwa mtambo mdogo, na ndiyo sababu kazi nyingi za vituo zilikuwa vitabu vya alifabeti, nyimbo na masomo mafupi.

Tatizo la pili lilikuwa herufi zisizokuwamo kabisa. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza alama mpya kama ŋ, ɛ na ɔ. Pendekezo hilo lilikuwa jema kwa mwanafonetiki, lakini kila alama mpya ilikuwa gharama kwa mpiga chapa, na tena haikuwamo katika mashine za taipu za maofisini. Kwa Kiluhya ng' ya Steere ilitosha, nalo neno ing'ombe likaandikwa bila kununua herufi mpya. Hata hivyo si kila tatizo lililopata dawa rahisi namna hiyo. Baadhi ya wataalamu wamehesabu irabu saba katika Kimaragoli, ilhali maandishi yake ya kawaida yanatumia tano. Toni haikuandikwa, na urefu wa irabu uliandikwa hapa ukaachwa pale. Msomaji aliijua lugha yake, hivyo alijijazia mwenyewe. Mgeni hakuweza.

4. Sauti moja, herufi mbili

Mfano ulio wazi zaidi ni sauti inayotamkwa kwa midomo miwili bila kuziba pumzi, isiyo b kamili ya Kiingereza wala v kamili. Sauti hii imeenea katika lahaja nyingi za Kiluhya. Waliofuata maandishi ya Kiwanga na Kimarama waliiandika kwa b, wakapata abandu, yaani watu. Waliofuata Kimaragoli waliandika v, wakapata avandu. Kwa sikio tofauti ni ndogo; kwa jicho ni kubwa. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa avandu hukiona kitabu chenye abandu kuwa ni cha watu wengine hata kabla hajakisoma kwa sauti.

Jina la jamii yenyewe halikuokoka. Limeandikwa Luhya na Luyia, Avaluhya na Abaluyia. Jina hili lilishika nguvu katika miaka ya 1930, baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega mwaka 1931 na serikali kurekebisha sheria ya ardhi mwaka 1932 ili wachimbaji wapate nafasi. Chama cha North Kavirondo Central Association, kilichoundwa mwaka 1934, kilikuwa miongoni mwa waliotetea jina moja kwa watu wote wa wilaya. Hoja ilikuwa ya ardhi: watu wenye jina moja huweza kuitetea nchi yao kwa sauti moja. Basi swali la b na v halikuwa mchezo wa wanasarufi.

5. Kamati ya lugha na kushindwa kwake

Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiluhya. Mtaalamu wake mkuu alikuwa Bi. L. L. Appleby wa C.M.S., aliyetoa msamiati mwaka 1943 na sarufi mwaka 1947. Msingi uliochaguliwa ulikuwa lahaja za katikati: Kiwanga, Kimarama, Kikisa na Kitsotso. Mfano wa kuigwa ulikuwapo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na uwezo wa kukagua vitabu vya shule kabla havijachapwa.

Lakini Kiluhya hakikufuata njia ya Kiswahili, na sababu kubwa ni chapa. Wamaragoli walikuwa na Agano Jipya lao kwa karibu miaka 20. Kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kusoma kwa kitabu hicho, na wazee wa kanisa walikuwa wamekishika mikononi. Kuwaambia waache v yao kulikuwa sawa na kuwaambia kwamba walichosoma kilikosewa. Walikataa. Wabukusu nao walidai kwamba usemi wao ulikuwa mbali na lahaja za katikati, wakataka maandishi yao wenyewe. Waliokuwa hawana kitabu, kama Waisukha na Waidakho wa jirani kabisa na mji wa Kakamega, sauti yao haikuwa na uzito huo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Kamati ya Kiswahili ilifika wakati serikali zilikuwa na fedha na amri juu ya vitabu vya shule. Kamati ya Kiluhya ilifika baada ya vitabu kuwa tayari makanisani.

6. Kutoka risasi hadi kompyuta

Enzi ya risasi imekwisha. Baada yake zilikuja stensili za shule, kisha chapa ya ofseti, na tangu miaka ya 1980 kompyuta ya kupangia kurasa. Katika duka dogo la chapa mjini Kakamega kijana mmoja huweza kufanya kwa saa moja kazi iliyokuwa ya watu wanne kwa juma zima. K haziishi tena. Alama ŋ na irabu zenye vistari, zilizokuwa zikitafutwa kwa shida, zimo katika utaratibu wa Unicode ulioanza mwaka 1991.

Hata hivyo sanduku la zamani limerithiwa na mashine mpya. Programu isiyoelezwa lugha hulikata neno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza: itaandika kit-abu badala ya ki-tabu, au itaitenganisha n na g ya ng'ombe, ambapo silabi ni ng'o-mbe. Programu ya kusahihisha tahajia hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiluhya, kana kwamba lugha nzima ni kosa. Maneno ya Kibantu ni marefu, na yakinyoshwa kwa nguvu pande zote mbili katika safu nyembamba huacha mapengo meupe yanayokatiza macho.

Dawa zake si ngumu. Mchapaji azime ukataji wa Kiingereza, akate penye mwisho wa silabi, na safu nyembamba aiache bila kunyoshwa upande wa kulia. Ajijengee orodha ya maneno yaliyokwisha kuhakikiwa na wasemaji. Na kabla ya yote, aulize kitabu kinafuata tahajia ya nani.

7. Hitimisho

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo. Zamani mchapaji aliweza kujitetea kwamba herufi hazikuwapo. Leo zipo zote, na uamuzi hauwezi tena kusukumiwa risasi. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Lakini lugha isiyokubaliana juu ya herufi zake humfikisha mwalimu darasani mikono mitupu.

Historia ya Kakamega haifundishi kwamba umoja wa maandishi hauwezekani. Inafundisha kwamba kitabu kikishapendwa hakifutwi kwa amri, na kwamba wale wasio na kitabu hawana budi kusikilizwa kabla mtambo haujawashwa. Joel Litu aliketi mezani tangu ukurasa wa kwanza, na ndiyo maana kazi yake ilidumu. Waisukha na Waidakho nao wanastahili kiti hicho.