Kitendakazi katika Ganda la Unix: Dhana na Jina Lake

Wafasiri wa miongozo ya kompyuta aghalabu huandika "kazi" kila wakutanapo na fungu la amri lililopewa jina. Twaona kuwa historia ya dhana hiyo yadai istilahi nyingine.

Katikati ya miaka ya 1960, Mfaransa Louis Pouzin, aliyekuwa ameandika huko MIT programu ya RUNCOM ya kutekeleza amri zilizopangwa katika faili, ndiye aliyeipa programu ya kupokea amri jina lenye maana ya ganda. Nasi twamfuata, kwani ganda huzunguka kiini cha mfumo. (Kutohoa "sheli" hakufai; kwa Watanzania wengi sheli ni kituo cha mafuta.)

Ganda la Ken Thompson la mwaka 1971 halikuwa na njia ya kuyapa majina mafungu ya amri. Ganda la Stephen Bourne, lililotoka mwaka 1979 pamoja na Toleo la Saba la Unix, nalo mwanzoni halikuwa nayo. Mathalani, aliyetaka kunakili mafaili, kuhakiki nakala na kuandika tarehe mara tano katika hati moja ya amri, alirudia maneno yale yale mara tano, au aliyaweka katika faili la pekee. Faili hilo lilihitaji mchakato wake, jambo lililozichelewesha mashine za wakati ule. Na hati ikihamishwa bila faili hilo, ilikwama.

Mwaka 1984 toleo la System V Release 2 likaliongezea ganda la Bourne uwezo huo. Mwandishi hutaja jina, tuseme "hifadhi", hufuatisha mabano matupu, kisha amri zenyewe. Tangu hapo "hifadhi" hutumika kama amri nyingine yoyote, ndani ya mchakato ule ule, na kosa hurekebishwa mahali pamoja tu. Ila haikukosekana: kigeu kilichobadilishwa ndani ya fungu kilibadilika na nje yake.

Neno "kazi" haliwezi kubeba dhana hii, kwa sababu maganda ya leo yana kazi zao, yaani amri zilizoachwa ziendelee nyuma ya pazia. Mwanafunzi asomaye "simamisha kazi" asimamishe ipi? "Uamilifu" nao ni wa wanaisimu, na hutaja dhima, si kitu. Twapendekeza "kitendakazi", wingi "vitendakazi". Na kukiendesha kuwe "kukiita".