Uzito wa mushale: mwepesi sana unavunja uta, muzito sana unaanguka njiani

Mu pori ya miombo kandokando ya Kambove, miti inafunga macho, kwa hiyo mwenye kuwinda na uta anapiga karibu. Kwa umbali ule, mbio ya mushale haisaidie sana. Kinachosaidia ni uzito: mushale muzito unakamata nguvu nyingi zaidi ya uta na unaingia ndani ya nyama. Mwepesi unafika haraka, lakini ukigonga mufupa unasimama. Mnyama anakimbia na kidonda, anakufia mbali, na nyumbani hakuna kitu.

Kipimo kinatoka kwa uta wenyewe. Funga mushikio wake juu ya tawi ngumu, tundika bido kwenye kamba, ongeza maji pole pole mpaka kamba ifike pale unapozoea kuivuta. Lita 20 ni karibu kilo 20 (bido yenyewe pia ina uzito wake). Sasa hesabu: gramu 1.1 mpaka 1.4 za mushale kwa kila kilo ya uta. Uta wa kilo 20 unaomba mushale wa gramu 22 mpaka 28.

Chini ya gramu 14 kwa uta ule, ni hatari. Nguvu inabaki ndani ya mbao, sawa na kuachia kamba bila mushale, na uta unaweza kupasuka mbele ya uso.

Mizani ya jikoni mara ingine haione gramu moja moja. Pima mishale 10 pamoja, kisha gawanya. Lakini ipime pia moja moja kwa mizani ndogo ukiipata, maana ikitofautiana, kila mushale utaanguka pahali pake. Uzito ukae zaidi mbele, kwenye chuma. Fimbo laini sana kwa uta wa nguvu inajipinda na kwenda pembeni, hata kama gramu ziko sawa.

Sumu inabadilisha hesabu. Wambuti wa Ituri wanapiga nyani juu ya miti na mishale miembamba, isiyo na chuma, yenye sumu: inatosha ichubue ngozi. Wahadza wa Tanzania wao wana mishale ya mbao tupu kwa ndege, na ya chuma kwa wanyama wakubwa.

Mushale wowote, ndani ya Parke ya Kundelungu kuwinda kunakatazwa. Inje yake, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mei 1982 inaomba ruhusa.